Ufunguo wa Ghala la Mashuka

Mkunazini, baada ya alasiri

Mwanangu Rahma,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga kwa jamaa, na najua hutorudi mapema, maana shangazi yako wa Kikwajuni hamwachi mtu aondoke bila kumlisha. Nimekaa mezani pako na nimechukua kalamu yako. Mwalimu wetu wa skuli alikuwa akituambia kwamba anayeandika barua aitaje mapema sababu ya kuandika, ili msomaji asihangaike. Sababu yangu ni ile simu ya juzi.

Ulikuwa jikoni unakanda unga, simu umeilaza juu ya kabati na sauti umeifungulia. Meneja wa hoteli yako ya Pemba alikupongeza, akakuuliza kama tiketi ya boti umeshapata, kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, "Kuna msichana wa jikoni huku ana malalamiko juu ya mpishi mkuu. Mambo ya kushikwashikwa. Wewe ndiye msimamizi wa wafanyakazi, na ni mwanamke, utamfahamisha vizuri. Ukifika tuyamalize kienyeji. Hoteli bado changa hii."

Ukajibu, "Sawa, bosi." Ukakata simu, ukanitazama. Nami nikageuka nikakoroga mchuzi ambao haukutaka kukorogwa.

Ulikuwa unangoja neno langu na mimi nikakunyima. Neno lenyewe ndilo hili ninaloliandika. Kwa hiyo humu usitafute habari za chandarua wala za dawa ya mafua. Wewe ni mtu mzima, na kama umesahau kitu, Pemba kuna maduka.

Unajua kwamba nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua nguo za hoteli, ile nyumba kongwe ya upande wa Malindi. Ulikuwa mdogo, ukija ukitoka chuoni, kwa mwalimu wako wa Kurani, na kujilaza juu ya mafurushi ya taulo za moto. Chini uani zilikuwa mashine, na nyuma ya mashine chumba cha kukaushia, chenye mlango mzito uliofungwa muda wote ili joto lisitoke. Juu ndiko tulikopiga pasi na kukunja. Mimi nilikuwa msimamizi wa wasichana wa juu, na ufunguo wa ghala la mashuka nilikuwa nikiufunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nikijivunia ufunguo ule. Nilidhani maana yake ni kwamba mashuka hayataibiwa.

Tajiri wetu, Bwana Nassor, alikirithi kiwanda kwa baba yake, na pamoja na mashine alimrithi Babu Haji. Huyu alikuwa mzee mcheshi, kofia yake safi siku zote. Yeye ndiye aliyegawa kazi ya mashine na kukagua nguo, na mashine zile akizijua kwa mlio. Moja ikibadilisha sauti, yeye huku nje kwenye kahawa yake anasema, "Mkanda huo," na kweli ni mkanda. Sote tulimwita Babu. Naye wasichana wote wa kazini aliwaita wake zake.

Hapa ndipo nilipoteleza, na nataka ulione vizuri jambo hili kwa sababu mgeni hawezi kuteleza hapa, tunateleza sisi. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Babu yako wa Fumba alikuwa akikwita mke wangu, na bibi yako akijinunisha na kusema kwamba atafungasha vyake akuachie masufuria. Unakumbuka ulivyokuwa ukicheka? Sasa mwanamke aliyelelewa na utani ule akisikia mzee anamwambia msichana "mke wangu leo umependeza," masikio yake hayamstui. Yangu hayakunistua.

Mwatima alitoka Makunduchi. Alikuwa na umri kama wako wa sasa, mrefu, mkono wake wa pasi mwepesi, foronya moja kwake ni mapigo mawili. Siku moja, tumetoka kusali adhuhuri, akanisogelea.

"Bi Zuhura, utani wa Babu Haji mimi siupendi."

"Utani gani?"

"Wa mke wangu. Na vile anavyonisimamia mlangoni nikishuka na kapu."

Nikacheka. Rahma, nilicheka. "We nawe, yule si babu yako? Akikwita mke wangu mwambie mahari hajatoa. Mwambie, lete mahari kwanza, kizee wewe, ndiyo uniite mke!"

Wasichana wengine wakaangua kicheko, mmoja akaongeza, "Na alete na kitanda, kile chake kimeliwa na mchwa!" Mwatima naye akatabasamu, kwa sababu ukichekwa na meza nzima utafanya nini? Akaenda akalitumia jibu nililompa. Siku iliyofuata nilimsikia uani akisema, "Lete mahari kwanza, Babu," na Babu Haji akicheka kuliko wote. Nikajiona nimelimaliza jambo kwa hekima.

Baada ya muda alipanda ngazi bila kapu. Mashuka aliyotumwa kuyafuata aliyaacha chini. Akasimama mbele ya meza yangu na kusema kwa sauti ndogo, "Amenifungia mlango kule kwenye joto. Amenishika."

Alipoanza kunionyesha ni wapi, nilimkamata mkono akomee hapo. Nilifanya hivyo kwa kumstiri. Sisi tumelelewa kwamba aibu ya mwanamke hufunikwa, na anayeifunika ana thawabu zake. Nikamwambia asimwambie mtu, jina lake litachafuka, ana wachumba wa kumjia. Nikampandisha darini, juu ya paa, kwenye kamba za kuanikia vitambaa vya meza, apate kuwa mbali. Kisha nikamfuata Babu Haji pembeni na kumwambia kwa adabu, "Babu, punguza utani na yule mtoto." Akasema, "Haya, mama, mtoto kaudhika, basi."

Tazama nilivyopanga. Aliyeudhiwa ndiye aliyehamishwa, akapelekwa juani. Aliyeudhi alibaki kivulini na kahawa yake, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwarifu nani kamshitaki. Tangu hapo kila kitambaa kilichopitia kwa Mwatima kilirudishwa, mara kina doa, mara hakikukauka, mara kimekunjwa vibaya. Babu Haji alikuwa akisema kwa sauti ya huruma, "Huyu mtoto kazi haimo moyoni mwake." Na mimi, niliyeujua mkono wake, nikaanza kuamini. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini hivyo. Akaacha kazi. Hakuaga.

Nakuandikia haya si kwa kutaka unihurumie. Nakuandikia kwa sababu juzi yule meneja alisema "kienyeji," na mimi kienyeji ninakijua kutoka ndani. Kina huruma nyingi, na huruma yote humwendea mwenye umri, au mwenye cheo, au mwenye ufundi wa mashine. Msichana huambulia nasaha.

Aliyenizindua ni msichana mwingine, Saada, mtu wa Fumba kama sisi, mwenye ulimi mkali. Alikuwa hajakaa sana kazini. Alikuja mezani kwangu mbele za watu, hakunong'ona.

"Bi Zuhura, Babu Haji kanishika kwenye chumba cha joto. Nnakwambia mara moja tu, sitorudia. Mwatima alikwambia mara ngapi?"

Pasi zote zikasita. Nikaona kwamba walikuwa wakijua. Meza ile ile iliyocheka ilikuwa ikijua siku zote, na ilikuwa ikinitazama mimi.

Nikashuka kwa tajiri. Bwana Nassor hakuwa mtu mbaya, Rahma, na huyo meneja wako pengine si mbaya pia. Usiende ukitafuta shetani. Nenda ukitafuta nani ana wajibu. Nilimweleza yote, la Saada na la Mwatima, na fungu langu mimi. Akashika kichwa.

"Bi Zuhura, unataka nimfedheheshe mtu mzima? Huyu kanibeba mgongoni mimi."

"Sitaki umfedheheshe. Nataka umuulize."

"Basi nitawaita wote hapa, tukae, aombe radhi kama kakosea, tusome fatiha, tunywe kahawa, yaishe."

"Saada aseme hayo mbele yake? Na wenzake wamekaa wanamtazama Babu Haji, ambaye ndiye mwenye kugawa kazi ya mashine? Watasema hawakuona kitu, Bwana. Hata mimi ningesema hivyo."

"Na mashine zangu?" Hapo ndipo alipokuwa amejificha. "Akiondoka yeye, nani atazijua?"

Nikafungua pindo la kanga na kuuweka ufunguo wa ghala mezani kwake. Nikamwambia, "Mtu mwengine atafundishwa mashine. Lakini mimi sipandi tena kuwasimamia watoto wa watu kwenye nyumba ambayo nikiambiwa wameshikwa, kazi yangu ni kuwanyamazisha. Tafuta mwengine wa kuushika huu."

Usidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa na wewe wa kulisha. Lakini hoteli zilikuwa zinangoja mashuka yao, na Bwana Nassor aliutazama ufunguo ule kama mtu aliyewekewa nge. Mwisho akauliza, "Sasa inafanywaje?" Kwa kweli hata mimi sikujua. Tulikwenda kuuliza ofisi inayoshughulika na mambo ya kazi, na huko mama mmoja mpole akatueleza kwamba sheria inaukataza udhalilishaji kazini, na kwamba jambo kama hili tajiri hawezi kulichukua kama ugomvi wa watu wawili, akajifanya msuluhishi. Kiwanda ni chake, mlango ni wake, watu wako pale kwa amri yake. Kuzuia ni juu yake, na akiambiwa, kuchunguza ni juu yake, na kulikalia kimya hakumtoi lawamani. Bwana Nassor akawa anaitikia "naam, naam," kama yuko chuoni.

Kwanza Babu Haji aliambiwa apumzike nyumbani, mshahara wake ukiendelea, mpaka neno lijulikane. Saada alibaki kwenye meza yake. Hili peke yake liliwashangaza watu, kwamba safari hii hakuhamishwa msichana. Wakatafutwa wawili wa kuuliza, watu wasio na udugu na yeyote, mwalimu mmoja mwanamke aliyestaafu na bwana mmoja aliyekuwa akimsaidia tajiri mambo ya hesabu. Mimi nilidhani nitakaa nao. Nilikuwa nimeshajitayarishia na kiti.

Walimwita kila mtu peke yake. Waliandika alichosema, wakamsomea, akakubali au akasahihisha. Babu Haji naye aliitwa peke yake, akaambiwa wazi anatuhumiwa nini, akaulizwa ana la kusema na ana shahidi gani. Nataka ulishike na hili. Mtu hahukumiwi kwa sababu wewe umeshaamini. Alikuwa na haki ya kujibu, na alijibu.

"Ni utani," alisema. "Muulizeni Bi Zuhura. Yeye ndiye aliyewafundisha wasichana kunijibu. Mwatima mwenyewe alikuwa akiniambia nilete mahari. Mtu hataki, atadai mahari?"

Yule mwalimu alinieleza maneno hayo baadaye, aliponiita na mimi kuulizwa. Kwani nilikuwa shahidi, mwanangu, sikuwa mwamuzi. Jibu nililompa Mwatima ajikinge nalo ndilo aliloligeuza kuwa ruhusa. Nikasema kweli yote. Ndiyo, nilimfundisha mimi. Ndiyo, alisema uani, mbele za watu, huku akicheka kwa kuwa nilimwambia acheke. Mwalimu akaniuliza swali moja tu ambalo sijalisahau: "Babu yako wewe, alipokutania, aliwahi kufunga mlango?"

Sikuwa na haja ya kufikiri. Babu hutania barazani, bibi akiwepo, ili watu wacheke. Utani wa kwetu una mashahidi wake. Unaohitaji mlango kufungwa una jina jingine.

Wasichana wengine nao walisema, mmoja mmoja, baada ya kuhakikishiwa kwamba hakuna atakayerudishiwa vitambaa. Wawili walimwona Babu Haji akimfungia Saada mlango, mmoja yalikuwa yamempata yeye mwenyewe. Babu Haji aliachishwa kazi, na sababu aliandikiwa. Watu wengine mtaani walinipa mgongo kwa hilo. Mke wake, ambaye tulikuwa tukipeana sahani za futari, hakunisalimia tena, nami sikumlaumu. Bwana Nassor akaleta seremala akautoboa mlango wa chumba cha kukaushia, ukatiwa kioo cha kuonea upande wa pili. Joto halikutoka. Nilisimama nikakitazama kioo kile nikawaza kilivyokuwa kitu kidogo, na kwamba kingeweza kuwepo tangu mwanzo. Kila mgeni wa kazi alianza kuelezwa siku ya kwanza, kabla hajashika pasi, kipi hakifanywi na amwendee nani, na wa kuendewa wakawa zaidi ya mmoja, maana huenda siku moja wa kushitakiwa akawa ni huyo huyo wa kuendewa.

Kijana mwengine alifundishwa mashine. Zilisumbua kwanza, kisha zikazoea.

Baada ya hapo nilikwenda Makunduchi. Hilo sijakusimulia kamwe. Nilimkuta Mwatima nyuma ya nyumba yao anafunga mwani kwenye kamba, vidole vyake vile vile vyepesi. Akasema, "Shikamoo, Bi Zuhura," akanipa kigoda, akanipikia chai. Nikamweleza kila kitu, mpaka kioo. Nikamwambia kwamba tajiri amemwita arudi na kwamba mimi nataka radhi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Unajua, Bi Zuhura, mie sikukujia unipe la kujibu. Majibu nnayo, mie mtu wa Makunduchi, kwetu hatukosi la kumjibu mtu. Nilikujia kwa sababu ufunguo ulikuwa kwako."

Nikasema, "Ndiyo."

"Na kioo kimetiwa vizuri. Lakini mie nshatoka."

Akaniongeza chai. Hakusema kwamba amenisamehe na mimi sikumuuliza mara ya pili. Tulikunywa, akanisindikiza mpaka barabarani, nikarudi mjini. Kila ninapofika Makunduchi kwa shughuli huenda kumwamkua, naye hunipokea kwa adabu ile ile. Nimejifunza kuishi na hiyo.

Sasa wewe. Jumatatu utakabidhiwa ofisi, na funguo zake. Yule msichana wa jikoni hakujui, lakini atakutazama, na nakwambia utalitambua tazamo lile. Meneja atakuwa ameshapanga viti na kahawa, na mpishi mkuu pengine ni mtu wa kupendeza, anayejulikana kwa mkono wake, na wageni wanamwulizia kwa jina. Wewe ni mgeni pale, na chakula chako kitatoka jikoni kwake. Nayajua hayo. Na ulishasema "sawa, bosi."

Kusema sawa si kutia saini. Unaweza kumfuata asubuhi na kumwambia kwa adabu, kama ulivyolelewa, kwamba umelifikiria jambo lile na utalishughulikia kwa utaratibu wake, kwa usalama wa msichana na haki ya mpishi, na kwa usalama wa hoteli pia. Hoteli changa ndiyo hasa ya kutia vioo mapema. Huenda akakuelewa. Mimi nina matumaini naye zaidi ya unavyodhani, maana nilimwona Bwana Nassor akibadilika mbele ya macho yangu, naye alikuwa na mengi zaidi ya kupoteza. Akikataa, mweleze kwamba jukumu ni lake kabla halijawa lako, na kwamba lako hutoliacha. Na akikwambia rudi kwenu, rudi. Kitanda chako sikitandui. Nitafurahi kukupokea umerudi kwa hilo kuliko kukutembelea umekaa kwa jingine.

Wala usimfundishe yule msichana la kujibu. Usimkamate mkono anapotaka kukuonyesha wapi. Usimhamishe. Kaa naye chini, mlango uwe wazi au wa kioo, na umwache aseme mpaka mwisho, hata kama moyo wako unataka amalize upesi. Wangu ulitaka amalize upesi.

Nakusikia chini barazani. Umerudi mapema, unacheka na jirani, na bila shaka umebebeshwa bakuli la watu. Ninaikunja barua hii niitie kwenye begi lako, ndani ya lile baibui jipya, utakalolitoa Jumatatu asubuhi na si kabla.

Ukiisoma, usinipigie kuniuliza nilikuwa nikifikiri nini nilipokuwa nakoroga mchuzi. Nshakwambia. Nipigie ukishamsikiliza yule msichana, na neno la kwanza uniambie ni jina lake.

Mama yako,
Zuhura